Mpangaji wa Nyumbani Kwetu

Mwaka jana nilipita Singida Mjini kwa shughuli za kikazi, na kama ilivyo kwa kila apitaye Singida, nikaagizwa mafuta ya alizeti. Dereva wetu alinipeleka kwenye ghala moja karibu na soko, akasema hapo ndipo wanapouza yaliyo safi. Nikaingia. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya mashudu ya alizeti iliyokamuliwa, na kabla macho yangu hayajazoea kiza cha mle ndani nikawa nimekwishajua niko wapi. Upande wa mwisho sakafu inapanda ngazi tatu, na juu yake madumu ya njano yamepangwa mpaka karibu na dari.

"Mama, unataka la lita ngapi?" muuzaji akaniuliza.

"Hapa palikuwa na jukwaa," nikamwambia.

"Jukwaa la nini?"

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hakuwa na kosa. Nikanunua madumu mawili, nikatoka. Lakini tangu siku ile kuna jambo linanikaa kifuani, na wewe ndugu yangu, kama umewahi kukaa na jambo la namna hiyo, utanivumilia nikilisema. Sijawahi kulisema lote.

Nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama. Mama alikuwa kijijini Iramba na watoto saba. Mama mkubwa hakujaaliwa kuzaa, basi nilipofika umri wa kuanza shule nikapelekwa kwake mjini, nikamchangamshie nyumba. Yeye alikuwa mwimbaji. Ushirika wa wakulima ulikuwa na bendi yake, na siku zile bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta ilipenda kujiita jazz, basi na hiyo ya kwetu ikajiita jazz. Wanamuziki waliandikishwa kama wafanyakazi wa ushirika. Barua ya ajira ya mama mkubwa ilisema yeye ni mhudumu wa ofisi, ingawa ufagio sikumwona nao isipokuwa uani kwetu. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya wanaume kumi na mmoja, mwanamke peke yake, na kuimba.

Madansi ya usiku sikuyaona, watoto hatukuruhusiwa. Bendi niliyoijua mimi ilikuwa ya mchana, ya mazoezi. Shule zikifungwa nilikuwa nakwenda naye ukumbini saa nne asubuhi, nakaa sakafuni na karanga zangu kwenye mfuko wa gauni. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu na vumbi linacheza ndani yake. Wapiga tarumbeta walikung'uta mate kwenye vyombo vyao. Mpiga gitaa la solo, mtu mrefu mkimya ambaye alikuwa pia fundi baiskeli pale sokoni, alikaza nyuzi zake moja moja, kisha akamgeukia mama mkubwa na kumuuliza swali lile lile la kila siku.

"Tunaanzia wapi, dada?"

"Pale pale uliponiacha jana."

Ukitaka kujua sauti yake ilitoka wapi, ilitoka kwenye upepo. Singida ina upepo, na ina mawe, yale mawe makubwa yaliyobebana kama mizigo iliyosahauliwa na wenyewe. Asubuhi tulipokwenda kuchota maji, mama mkubwa alitua ndoo, akavua kandambili, akapanda jiwe moja lililoelekea Ziwa Kindai, akaanza kuimba. Upepo ulikuwa unamjia usoni. Mimi nilikaa chini kwa umbali alioupima yeye mwenyewe kwa hatua, na kazi yangu ilikuwa kunyanyua mkono kila ninapoacha kusikia maneno. Akiniona nimenyanyua mkono, anarudia. "Upepo huu ukiushinda," alikuwa akisema, "ukumbi ni kitu kidogo." Kisha tunarudi na ndoo kichwani, anakunywa maji ya vuguvugu na asali, nami napewa uji wa uwele. Pilipili haikuingia nyumbani kwetu. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, na alikuwa akiniambia mlenda ni mboga ya waimbaji, unapita bila kukwaruza.

Kulikuwa na wimbo wake mmoja, aliutunga mwenyewe, wa mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali. *Umeniacha na upepo, na upepo haujui kunijibu.* Alipofika hapo hata yule mpiga tumba mcheshi aliinamisha kichwa. Watu walimsalimia njiani kwa heshima, wanaume wenye kofia wakishuka baiskeli. Wapo waliosema mengine. Jirani yetu, mama mmoja mcha Mungu, alizoea kutwambia akiwa anapepeta mtama wake kwamba mwanamke wa jukwaani hana mji. Mama mkubwa alicheka tu, akamwomba ungo.

Halafu zikaja siku za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Wewe wa umri wangu unazikumbuka. Sisi watoto tulizipokea kwa furaha, maana sabuni ilirudi dukani, na dawa ya meno, na sukari bila foleni. Mitumba ilishuka kwa marobota. Lakini ruksa hiyo hiyo ilileta wafanyabiashara na malori yao mpaka mlangoni kwa mkulima, wakanunua alizeti na vitunguu papo hapo, na ushirika ukawa hauna cha kununua. Ofisi zikaanza kupunguza watu. Walipotazama orodha ya nani anaweza kuondoka bila kazi kusimama, walianza na bendi.

Sikumbuki mkutano wala tangazo. Nakumbuka asubuhi moja tumefika ukumbini tukakuta mlango una kufuli mpya, na wanamuziki wamekaa nje kwenye ukingo wa baraza kama watu wanaongoja gari. Vyombo vilikuwa ndani. Baadaye vilipakiwa kwenye lori, vikaenda tusikokujua. Wanamuziki wakatawanyika mmoja mmoja. Wa saksafoni alikwenda Arusha kutafuta hoteli za watalii, wa besi akawa kondakta wa basi, kiongozi wa bendi akarudi kwao kulima. Mpiga solo alibaki kwa sababu alikuwa na gitaa kavu lake mwenyewe, lisilohitaji umeme, na baiskeli za watu za kutengeneza.

Siku ile mama mkubwa alirudi nyumbani akapika kama kawaida. Tulipokwisha kula aliniambia, "Barua yao ilisema mimi ni mhudumu. Huyo mhudumu wamemwachisha kazi. Mwimbaji hawakumwajiri wao, hawawezi kumwachisha."

Nikadhani ni maneno ya kujifariji. Yalikuwa mpango.

Tulihama nyumba ya ushirika, tukapanga vyumba viwili upande mwingine wa mji, nami nikahamia shule nyingine. Mama mkubwa na mpiga solo wakaanza kuimba wawili. Waliimba kwenye harusi, kwenye sherehe za kipaimara, popote walipoitwa. Kwa muda walipata kazi. Lakini wenye disko nao walikuwa wameingia, na mtu mmoja mwenye redio kaseti na spika mbili kubwa aliweza kuleta ukumbini nyimbo za Kongo, za Afrika Kusini, za Marekani, zote kwa mchana mmoja. Maharusi wakampenda huyo. Kwanza waliwaita wote wawili, wa disko na mama mkubwa. Kisha wakamwita mama mkubwa aimbe wakati watu wanakula. Kisha wakaacha kumwita.

Hapo ndipo alipokwenda mnadani. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alikuwa anazunguka minada ya Ikungi na kwingineko, akamwomba awe anaimba pale kwenye marobota yake, watu wakusanyike. Nilimfuata mara kadhaa wakati wa likizo, maana nyumbani hapakuwa na wa kubaki nami. Tulipanda lori la nguo asubuhi, vumbi la barabara ya Dodoma likitupaka sote rangi moja. Mnada wa Ikungi ulinukia nyama ya mbuzi inayochomwa, ngozi mbichi na vitunguu. Mama mkubwa alivaa gauni lake la satini la kijani, lile la jukwaani, akapanda juu ya robota la makoti, mpiga solo akakaa chini yake kwenye kreti ya soda. Hapakuwa na maiki. Aliimba kama alivyoimba juu ya jiwe, na watu walikuja kweli. Wengine walilia pale waliposimama, wameshika mashati ya watu wasiowajua mkononi. Lakini ubeti ukiwa katikati mfanyabiashara alikuwa anapiga makofi na kupayuka bei, na mama mkubwa ananyamaza, anangoja, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Sikuwahi kuona uso wake ukibadilika. Wa kwangu ndio uliobadilika.

Kwa maana darasani kwetu alikuwamo msichana ambaye baba yake aliuza vitunguu Ikungi, naye alituona. Jumatatu nilipoingia darasani nikasikia wanaimba *umeniacha na upepo* kwa sauti ya puani, na katikati mmoja anapayuka, "Koti, koti, koti." Wakaniita Mitumba. Nilikuwa darasa la saba, umri ambao mtu anaweza kufa kwa aibu, au ndivyo anavyodhani. Nikawaambia yule mwanamke si mtu wetu. Wakaniuliza mbona nilikuwa naye kwenye lori. Nikasema ni mpangaji. Anapanga chumba nyumbani kwetu, na siku ile nilikwenda Ikungi kununua kuku.

Uongo ule ungeishia hapo kama mwalimu wetu wa darasa asingeusikia. Aliniita ofisini.

"Yule mama anayeimba mnadani ni nani yako?"

Nilidhani naitwa kuadhibiwa. Alikuwa ameketi chini ya ramani ya Tanzania, kalamu nyekundu mkononi, ananitazama kwa upole ambao sikuutambua kuwa ni upole.

"Ni mpangaji wa nyumbani kwetu, mwalimu."

"Basi nitakuja kwenu nimwone. Nilicheza dansi lake nikiwa chuoni. Nataka aje aimbe kwenye mahafali yenu."

Nilitoka pale. Ningeweza kurudi na kusema kweli. Ningeweza hata kukimbia nyumbani nimwambie mama mkubwa kabla mwalimu hajafika. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikwenda ziwani, nikakaa kutazama ndege heroe mpaka jua likapoa, na nilipofika nyumbani mwalimu alikuwa amekwishaondoka. Mama mkubwa alikuwa uani anachambua mlenda, majani anaweka huku, vijiti huku.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mwalimu wako alikuja."

Nikasimama.

"Aliniuliza mwenye nyumba yuko wapi," akasema. "Nikamjibu ametoka."

Akaendelea kuchambua. Nilingoja aseme jingine, anipige hata, lakini alichosema ni kwamba kuni zimekwisha, nikaokote kabla giza halijaingia. Tulikula pamoja. Alinipa paja la kuku, ingawa haikuwa sikukuu, nikalirudisha bakulini.

Wiki zile mpaka mahafali tuliishi kama watu wanaobeba mtungi pamoja, kila mmoja akichunga hatua zake. Alinishonea sare mpya. Alinisuka. Mara mbili nilifungua kinywa nimwombe radhi, na mara mbili akanituma kitu dukani.

Siku ya mahafali viti vilipangwa nje, chini ya turubai lililokuwa linapigwa na upepo. Wazazi walivaa vizuri. Mama yangu alishindwa kutoka Iramba, mdogo wetu alikuwa mgonjwa. Mama mkubwa alikuja na mpiga solo, akakaa upande wa wageni waalikwa, katika gauni lile la kijani lililofuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Mpangilio ulikuwa kwamba mwanafunzi anaitwa jina, anakwenda mbele kupokea cheti, na mzazi wake anakwenda kusimama naye na kumvisha shada la maua ya karatasi. Akina mama walipiga vigelegele kila mmoja kwa mtoto wake. Ikafika zamu yangu. Nikatembea mpaka mbele, nikapokea cheti, nikasimama. Hakuja mtu. Upepo ulikuwa unavuta kile cheti mkononi mwangu.

"Mzazi wa binti huyu yupo?" mwalimu akauliza.

Watu wakageuka huku na huku. Nikamtazama mama mkubwa, na ninakuapia, ndugu yangu, wakati ule nilitaka asimame. Nilitaka asimame anivishe lile shada mbele ya wote, waniite Mitumba wasiniite. Alinitazama pia. Kisha akasema kwa sauti tulivu iliyofika mpaka viti vya mwisho bila kipaza sauti:

"Mama yake amesafiri, mwalimu. Yuko Iramba, anauguza."

Ilikuwa kweli, kila neno. Mwalimu akanivisha shada yeye mwenyewe, watu wakapiga makofi ya huruma, nikarudi kukaa.

Baadaye aliitwa kuimba. Aliimba nyimbo tatu, na ule wa upepo ukawa wa mwisho. Wazazi waliomjua tangu enzi za ukumbi walisimama mmoja mmoja, na yule msichana wa vitunguu alikaa mikono mapajani. Mwalimu alivua miwani. Alipomaliza, watu walimzunguka kumpa mkono, nami nikasogea, nikiwa nimeamua kwamba sasa nitasema. Mama mmoja mwenye kitenge cha zambarau akanitazama, akamtazama yeye. "Mmefanana macho," akasema. "Huyu ni wako?"

"Hapana, mama," mama mkubwa akajibu, huku akinitengeneza shada langu lililopinda. "Ni wa jirani. Ni mtoto mzuri."

Nikarudi kwa wenzangu.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mkoa mwingine. Nilikuwa narudi likizo na kila mara namkuta amepungukiwa na kitu. Kwanza minada, kwa sababu yule mfanyabiashara alinunua spika. Kisha mpiga solo, aliyepatwa na kifua, akafa kwao kijijini, na gitaa lake nduguze wakalichukua. Kuna mtu mwenye kinanda cha umeme alimwita Dodoma ili amrekodi. Alikwenda, akarudi siku ya tatu. Alinieleza kwamba yule bwana aliweka ngoma ndani ya kinanda na kumtaka aimbe kwa kuifuata. "Nikikawia, haingoji," akasema. "Sijazoea kuimba na kitu kisichongoja." Hakurudi tena kule.

Mwisho alihamia Mitundu, kwa shangazi yake aliyekuwa na shamba na mizinga ya nyuki. Akalima mtama, akauza asali njiani. Kanisani walimkaribisha kwaya, akakubali kwa sharti kwamba asiimbe peke yake. Walioketi karibu naye waliniambia aliimba kwa sauti ya chini sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kumtembelea Mitundu, na safari hii nilikwenda kwa ajili ya neno moja tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi kivulini. Nikamwambia, mama mkubwa, siku ile ya mahafali nilikukosea. Nilisema wewe ni mpangaji. Nisamehe.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Siku ile nilianza juu mno," akasema. "Ule wimbo wa mwisho. Nilipofika ubeti wa pili sauti ilitaka kukatika, nikashuka. Ulisikia?"

"Sikusikia, mama mkubwa."

"Basi vizuri. Niliona kama watu wote wamesikia."

Akachukua hindi jingine. Mpaka leo sijui kama alinisamehe kwa njia hiyo, au kama kweli katika siku ile nzima kilichomuuma ni ule ubeti. Nimeligeuza jambo hilo miaka mingi na bado sijui.

Alifariki Mitundu, nami nikawahi kuzika. Asubuhi ya mazishi wajomba waliniita, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kaburini. Wakaanza kunitajia cha kuandika. Kazi: mkulima. Watoto: hakujaaliwa.

"Alikuwa mwimbaji," nikasema.

"Hapa watu wanamjua kwa asali na jembe," mjomba mkubwa akanijibu. "Andika tu mkulima, mwanangu, watu waelewe."

Niliandika mwimbaji. Na mahali pa watoto nikaandika mmoja, jina langu. Mwinjilisti aliyasoma kama yalivyo, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Nilisikia watu wakinong'ona, mmoja akamuuliza mwenzake, "Kumbe alikuwa na mtoto?" Mjomba akanipa jembe nitie udongo katika zamu ya wafiwa wa karibu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi binti yangu ana simu, na ndani ya simu kuna nyimbo za dunia nzima, hata za watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa. Aliposikia habari za mama mkubwa alimtafuta humo usiku na mchana, akaandika jina la bendi kwa kila namna ya tahajia. Hakumpata. Bendi ile iliwahi kurekodi redioni mara moja, lakini mkanda wenyewe hakuna anayejua ulipo, na nimeambiwa kwamba siku za shida mikanda ilifutwa ili itumike tena. Hakuna kaseti, na picha iliyobaki ni moja, nayo amefumba macho. Waliomsikia akiimba tunazidi kupungua, na kila mmoja wetu akiondoka anaondoka na kipande chake.

"Basi niimbie wewe," binti yangu akaniambia. "Alikuwa anaimbaje?"

Nilikaa sawa, nikavuta pumzi kama nilivyomwona akivuta. Maneno ninayo yote. Nikafungua kinywa, na iliyotoka ilikuwa sauti yangu.